Kilio cha Nahodha Tarry

Elspet Cowie alikuwa na miaka tisa aliposikia mtu akifa ndani ya redio. Pale Sandhythe, pwani ya Uskoti, wake wa wavuvi walifungulia redio za jikoni mawimbi ya meli, wawasikie waume zao wakisemezana baharini. Mchana ule wa dhoruba yeye na mama yake walimsikia nahodha Tarry akilia, akiomba asife. Mama akaizima.

"Hukusikia kitu," alisema.

Redio ya Una, mke wa Tarry, ilikuwa mbovu. Majirani wakamwambia mumewe alikufa akiimba zaburi.

Elspet akakua, akapasua samaki kiwandani, akafundisha shule Aberdeen, akaandika riwaya nne. Kilio hakikumtoka. Katika riwaya ya tano akakiandika. Alibadili jina la meli, mwaka na ukoo. Lakabu ya nahodha, Tarry, akaiacha ilivyo.

Kaka yake, Sim, alipiga simu. "Umeshikwa na wazimu? Nusu ya kijiji hiki ni Cowie. Huku mtu hujulikana kwa lakabu yake!"

"Nilidhani akina Tarry wamekwisha."

"Na Una je? Ijumaa anakuja ukumbini kukusikiliza ukikisoma kitabu. Macho hayaoni tena, ila ana masikio ya paka, mwandishi wetu mkubwa!"

Kwa siku tatu usiku kucha Elspet hakulala.

Ijumaa, Una alikaa mbele kabisa. Elspet alifungua ukurasa usio na madhara, wa harusi.

"Harusi nazijua," Una akamkata. "Nisomee ya Tarry."

Vikombe vikawekwa chini.

"Una, chai yako inapoa," mtu akasema.

"Basi inywe wewe."

Kutoka nyuma, mama yake Elspet alitikisa kichwa polepole. Wengine wote walikwishasoma kitabu; wote walingojea uongo. Elspet akautoa: nahodha akaimba zaburi.

Una akacheka kikavu. "Tarry? Hata kanisani hakuimba. Miaka arobaini na mitatu mnaniletea huyo mwimbaji, nami namwogopa, simjui. Nirudishie wangu, mwanangu."

Elspet akafunua ukurasa wenyewe. Sauti iliyomtoka ilikuwa nyembamba, ya mtoto wa miaka tisa. Una aliinama mbele, sikio limetegwa, kama mke aliye mbele ya redio. Safari hii hakuna aliyeizima.