Mfuko wa Vitabu Kichwani kwa Mbuni

Jamani, leo nimembishia askari wa boma. Mimi, nisiyethubutu hata kujibu darasani!

Mbuni aliyekamatwa mbugani alikuwa akirusha mateke uani mwa boma. Watu wote wa Dodoma walikuwa wamekuja kumtazama. Askari akainua bunduki.

"Usimpige risasi, afande!" nikapaza sauti. " Anatuona sote kwa wakati mmoja, ndiyo maana anaogopa. Macho yake ni makubwa kuliko ubongo wake. Tumfunike."

"Umesoma wapi hayo, mwalimu?" askari akanidhihaki. Watu wakacheka.

Nikamwaga vitabu vyangu chini kutoka kwenye mfuko. Mchunga ng'ombe mmoja akaidaka ile shingo ndefu, nami nikamvisha mbuni mfuko kichwani.

Akatulia. Anatetemeka tu, kama mimi.

Askari akashusha bunduki. "Haya, mwalimu, mpeleke zizini mwenyewe."

Nikampeleka polepole.

Tukiuvua mfuko anaanza tena, basi nimemwachia.

Kesho nitakuja shule na vitabu mkononi. Nichekeni tu. Yu hai.