Siku Niliyosoma Muhtasari Bila Kuacha Neno

Nianze na aibu yenyewe, mnicheke mapema tumalizane: mimi, Felista, ndiye niliyemuumbua mama yangu mzazi mbele ya mtaa mzima, kwa sauti kubwa, nimesimama wima na daftari mkononi, na hadi dakika ya mwisho nilidhani nafanya kazi nzuri.

Siku hizo mtendaji wetu wa mtaa alikuwa ameanguka na pikipiki barabara ya Sitalike, mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, na kwa kuwa yeye ndiye huandika muhtasari wa mikutano ikabidi atafute mtu wa kumwandikia. Mimi niliishia kidato cha pili, ila mwandiko wangu watu waliujua (nilijifundisha mwenyewe, kwa kunakili matangazo ya ofisi ya mtaa, nikikosea herufi moja nachana karatasi naanza upya). Akaniita, akaniambia, "Feli, andika kila kinachosemwa. Usiache kitu." Jamani, mtu mwenye wasiwasi kama wangu haambiwi hivyo.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti kifuani, na ajenda kubwa ilikuwa bomba la mtaa. Wakati huo tulikuwa tunavuka reli kufuata maji, mama anarudi na ndoo kichwani mara nne kwa siku, shingo imeshaanza kumsumbua, usiku hageuki kitandani bila kuguna. Basi Mzee Gervas, mzee wa kabila la Wapimbwe mwenye kiwanja kikubwa nyuma ya nyumba yetu, akasimama akasema anatoa kipande bure, bomba lijengwe hapo. Tukapiga makofi. Watu wa idara ya maji walitaka kitu kimoja tu: muhtasari uliosomwa na kuthibitishwa na wananchi kwenye mkutano unaofuata, kuonyesha kwamba mwenye eneo ametoa kwa hiari yake.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, mama na mama mdogo upande wangu wa kushoto, Mzee Gervas dawati la mbele yangu (sikio lake la kushoto lilikuwa zito, kumbukeni hilo). Niliandika kila kitu. Nyumbani nikanakili kwenye daftari jipya la kaunta, pambizo nyekundu, wino wa bluu, na nilipomaliza ndipo nikaliona neno moja la mama, la utani, ambalo kwa kweli halikuwa la mkutano. Nikashika kalamu nilifute. Nikaitazama ile karatasi ilivyo safi, nikajisemea hapana, mkato mmoja utaniharibia daftari zima. Nikaliacha. Yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Mkutano wa pili, mwenyekiti wetu, Baba Shija, akasema, "Haya mwandishi, tusomee ya siku ile." Nikasimama, nikaanza.

"Mwenyekiti alifungua mkutano, akasema, 'Nani kakanyaga miwani yangu?'"

Watu wakacheka. Nikapata nguvu.

"Fundi baiskeli alipiga miayo, akasema, 'Huyu akianza kuongea ni kama redio iliyopotelewa na kitufe cha kuzimia.'"

Darasa likalipuka, fundi baiskeli akajificha chini ya dawati, Baba Shija akasema, "Kumbe!" na mtendaji akawa ananipungia mkono wake wa bandeji, mimi nikadhani ananipongeza. Nikapandisha sauti. Kisha nikaliona neno la mama linakuja, mistari miwili mbele, na ningeweza kuliruka, lakini kwangu kuruka ni sawa na kusema uongo, mdomo ukaenda wenyewe.

"Mama Feli alimwambia mdogo wake, 'Anatoa pale kwenye dimbwi, hata mchicha unagoma kuota. Pangekuwa pa maana angetupa?'"

Mzee Gervas akageuza sikio lake zima. "Mwandishi, rudia hapo."

Nikarudia. (Ndiyo, nilirudia. Niliambiwa.)

Mzee akavaa kofia yake taratibu. "Basi dimbwi langu naondoka nalo."

"Kaa, baba, tuongee," Baba Shija akambembeleza.

"Nikae wapi, kwenye dimbwi?"

Mama alikuwa amejifunika kanga usoni. Akaitoa, akasimama. "Mzee wangu, ni kweli nilisema. Ni mdomo wangu huu. Mimi ndiye ninayebeba maji, na mimi ndiye niliyekutukana. Nisamehe." Mzee hakugeuka, alishafika mlangoni. Nikaiona ile ndoo, ile reli, ile shingo, miaka na miaka, kwa sababu ya karatasi safi. Sikujua la kufanya, na mtu asiyejua la kufanya huendelea na alichoshika, kwa hiyo nikasoma mstari uliofuata, machozi yananidondokea kwenye wino.

"Mzee Gervas alikaa, akasema peke yake, 'Mke wangu marehemu ndoo zilimpinda shingo. Laiti angelikuta hili bomba.'"

Akasimama palepale mlangoni. "Na hayo uliandika?"

"Niliambiwa nisiache kitu, babu."

"Sikumwambia mtu hayo." Akavua kofia. Akarudi mpaka kwenye dawati lake, akajibana, magoti kifuani. "Endelea. Ila pale pa dimbwi pafute. Na wewe Mama Feli, mchicha utaota tu, subiri bomba lianze kuvuja."

Mtendaji akasema futa sasa hivi, wote waone. Nikauliza kama kuna mwenye rula. "Hata kufuta anataka rula!" fundi baiskeli akapiga kelele, na kicheko kile ndicho kilichonyoosha mikono yote kuthibitisha.

Mzee Gervas hayupo tena. Bomba lipo, na linavuja kweli, mchicha umejaa. Mikutano siku hizi tunatangaziwa kwenye simu, watu hawajai darasani kama zamani, na mkono wa mtendaji ulipona, muhtasari wake ni mistari sita: eneo limetolewa, wananchi wameafiki. Hauna kosa hata moja, na mle ndani hakuna mtu anayepiga miayo.

Mtaani bado wananiita Usiache Kitu. Niliapa kwamba sitasoma tena chochote hadharani kabla mama hajakipitia, na kiapo nimekishika. Ila lile daftari ninalo. Mara nyingine mama akitoka bombani, ndoo bado inadondosha maji mlangoni, huniambia, "Hebu nisomee pale kwa mzee," nami nafungua ukurasa wenye mkato, ule peke yake uliochafuka, na nasoma pole pole nisimalize haraka.