Nyandwi na Lakiri ya Lori la Kijiji

Kaka yangu Nyandwi ndiye aliyekuwa dereva wa lori la kijiji chetu, huku Mabawe. Lilikuja mwaka mmoja kabla ya vita vya Kagera, jipya kabisa, likiwa na dhamana ya miezi kumi na miwili. Pampu yake ya dizeli ilifungwa kwa waya wenye lakiri, yaani muhuri wa madini ya risasi, na wakala aliyetuuzia alituonya kwamba asiiguse mtu yeyote ila fundi wake. Nyandwi alilifuta vumbi kila asubuhi, hata shemeji Domisiana akawa anamtania, "Mke mwenzangu ameamkaje leo?"

Masika yalipofika, tulimpakia Koleta, jirani yetu aliyeshikwa na uchungu, tumpeleke hospitali. Lori likashindwa mlima. Koleta akajifungulia njiani, mvua ikimnyeshea. Mtoto alikuwa mzima, lakini Nyandwi hakula siku mbili. Siku ya tatu aliukata ule waya, akalegeza skrubu ya pampu ili dizeli iingie kwa wingi. Tangu hapo lori lilipanda likitoa moshi mweusi, na watu wakamsifu.

Miezi miwili baadaye pistoni ziliungua. Wiki hiyohiyo stata ya kuwashia injini nayo ilikuwa imekufa. Kahawa yetu ilikuwa imejaa ghalani, haina wa kuibeba. Wakala akamtuma fundi wake, Bulugu, kutoka Mwanza aje akague.

Siku moja kabla hajafika, nilimkuta Nyandwi akiyeyusha risasi ya betri kuukuu, atengeneze lakiri nyingine. Domisiana alikuwa ameketi karibu naye.

"Niliolewa na mtu asiyejua kudanganya," alimwambia taratibu. "Usinibadilishie mume."

Nyandwi akaimwaga ile risasi chini.

Bulugu alipofika tu, kaka alimwambia mbele yetu sote, "Waya niliukata mimi." Kisha akamweleza habari ya Koleta. Bulugu alikagua hadi mchana.

"Pistoni zimeunguzwa na dizeli uliyoiongeza," alisema. "Hizo hazimo kwenye dhamana. Lakini stata haina kesi na pampu, tutawapa mpya. Ungenificha, ningeandika dhamana yote ifutwe."

Kwetu anayeomba radhi hupeleka pombe ya ndizi. Jumapili Nyandwi na Domisiana walibeba mtungi hadi kwa mzee Leonidas, mwenyekiti wa kijiji.

"Shikamoo mzee. Tafuteni dereva mwingine."

"Marahaba. Kaa kwanza." Mzee alivuta mrija bila haraka. "Pistoni tutazinunua kwa kahawa ya shamba la pamoja. Wewe irudishe skrubu ilipokuwa."

"Na mlima, mzee?"

"Mlimani tutashuka. Miguu si tunayo?" Akamsogezea mrija.

Lori lilipopona, tulikuwa tukishuka wenyewe chini ya mlima bila kuambiwa. Wagonjwa walibaki juu ya lori, sisi tukasukuma. Nyandwi aliendesha polepole, kichwa nje ya dirisha, akituuliza kila mara kama tumechoka.