Kobe Aliyetoka Durban kwa Ndege

Mwaka 2017 baba mkwe wangu alihamia kwetu Turffontein, Johannesburg, miezi michache baada ya mke wake kufariki. Alikuwa amestaafu, magoti yalimsumbua, na alichoomba ni vitu viwili tu: chumba chenye dirisha la kutazama uani, na intaneti isiyokatika kila mara. Yeye ni mtu wa Soweto, lakini miaka ya ukimbizini aliishi Morogoro akitengeneza magari ya wapigania uhuru, na Kiswahili chake kilibaki kile cha gereji ya wakati ule. Mume wangu alizaliwa huko Morogoro, akaletwa Johannesburg akiwa bado mdogo. Kiswahili anakisikia vizuri, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo pale nyumbani lugha ile ilikuwa ya watu wawili, mzee huyu na mimi niliyeolewa kutoka Dodoma. Aliniita makoti, kama wakwe wa huku wanavyomwita mke wa mtoto wao. Mimi nilimwita baba.

Asubuhi moja nikiwa naosha vyombo aliniita chumbani kwake.

"Makoti, njoo umwone huyu. Anajifunga kama sanduku."

Kwenye simu yake kulikuwa na video ya kobe mdogo mwenye gamba la kahawia lililopakwa michirizi ya njano, kama mtu alichovya brashi akaipitisha haraka haraka. Mkono wa mtu ulimkaribia. Kobe akaingiza kichwa na miguu, na gamba la tumboni likajikunja mbele na nyuma, kama mlango wenye bawaba, mpaka hapakubaki hata upenyo wa kupitisha kucha. Nilikuwa nimeona kobe wengi Dodoma, lakini wale hujificha nusu nusu, miguu inabaki inaonekana. Huyu alikuwa amefunga nyumba kabisa. Nikaomba niione tena, na tukaitazama mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Tulisoma kwamba asili yao ni Marekani na kwamba watu huwauza mtandaoni. Mume wangu aliposikia alicheka, akauliza nani atanunua mnyama asiyemwona. Mimi nami nilikuwa na swali hilo hilo, na ndilo lililonivuta. Mnyama hai anasafirishwaje kama jozi ya viatu?

Muuzaji wa kwanza tuliyempata alikuwa mwepesi mno. Alikuwa na kila aina, bei nafuu, na alitaka alipwe siku ile ile. Nikamwambia baba tumwombe picha ya kobe akiwa na kijiko juu ya gamba, ili tujue kweli anaye. Yule mtu alituma picha nzuri sana ya kobe juu ya majani mabichi, bila kijiko. Tukaomba tena, akakasirika. Baba aliitafuta ile picha mtandaoni akaikuta kwenye ukurasa wa watu wa nchi nyingine kabisa. Alifuta namba ile, akaendelea kutafuta.

Wa pili alikuwa mama mmoja wa Durban, na huyo badala ya kutuuzia alianza kutuhoji. Uani kwetu kuna nini? Kuna mbwa? Jua linafika saa ngapi, na kivuli kiko wapi? Alitueleza kwamba kobe wa porini wa nchi hii haruhusiwi kufugwa bila kibali, na akatutaka tuulize ofisi ya wanyamapori ya mkoa kuhusu hawa wa kigeni kabla ya kumtumia chochote. Tukauliza, tukatimiza tulichoambiwa. Nilipomwomba picha yenye kijiko alituma mbili, moja ya gamba la juu na moja ya tumboni, kijiko kikiwa pembeni. Halafu akasema hatamtuma bado.

Ilikuwa Julai. Alisema Johannesburg asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa baridi, na sanduku likisahaulika sakafuni kwenye ghala, kobe hataamka. Tusubiri kipupwe kipite.

Tukasubiri. Baba alitumia muda ule kujenga boma la kobe uani. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mimi nikawa mikono yake. Nilichimba, nikapanga matofali ya zamani yaliyokuwa nyuma ya gereji, nikazamisha sinia pana kidogo ili liwe bwawa la kunywea. Kila baada ya siku chache alimpigia yule mama simu kwa spika, nami nikisikiliza. Nilijifunza kwamba kobe hapewi chakula kabla ya safari, asije akajichafua njiani. Anatiwa kwenye mfuko wa pamba unaopitisha hewa, mfuko unazungushiwa vipande vya gazeti vyenye unyevu kidogo, visivyolowa, na sanduku linabana vya kutosha asigeuke chali. Bakuli la maji haliwekwi, kwa sababu litamwagika na kumpa baridi. Na hatumwi kamwe mwisho wa wiki, asije akalala na mizigo isiyo na mwenyewe.

Siku moja baba alimuuliza kobe huyo alizaliwa wapi. Yule mama akajibu kwamba amezaliwa uani kwake, na kwamba ni jambo la maana kuuliza, kwa sababu wale wanaookotwa porini huwa hawasahau kwao. Ukimpeleka mbali, alisema, atatembea kuelekea upande mmoja mpaka achoke. Baada ya simu ile baba aliniambia niongeze safu moja ya matofali.

Septemba tulikwenda kumpokea kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Mume wangu aliendesha, mimi nikalipakata sanduku. Lilikuwa na matundu ubavuni na maandishi makubwa kwamba ndani kuna kiumbe hai. Kwenye kila roboti, kama wanavyoziita huku taa za barabarani, tuliposimama nilisikia kucha zikikwaruza taratibu, na kila zilipoacha baba aligeuka kutoka kiti cha mbele akanitazama.

Nyumbani tulifungua mfuko tukakuta jiwe. Amejifunga kabisa. Tulimweka kivulini tukakaa mbali, na hakufunguka mpaka tulipochoka kumtazama tukaingia ndani. Nilipochungulia dirishani alikuwa amekwisha ondoka pale.

Alikwenda kwenye pembe moja ya boma lake, ile inayogusa ukuta wa jirani, akasimama, pua ukutani. Kesho yake hivyo hivyo. Tulimwekea stroberi na uyoga upande mwingine, akavipita. Tukimbeba kumrudisha katikati, anajifunga, anasubiri tuondoke, halafu anarudi kule kule. Baba alifungua dira kwenye simu yake.

"Kusini-mashariki," alisema. "Makoti, Durban iko huko."

Sijui niliamini kiasi gani, ila nilitaka kujua. Tulianza kumjaribu. Tulimweka pembe ya mbali akiangalia kaskazini, akageuka. Tuliziba pembe ile kwa ubao, akasimama mbele ya ubao. Baba alimpigia yule mama na kumuuliza, kwa upole sana, kama ana hakika kobe huyu hakuokotwa. Akaapa kwamba alimwona akitoka kwenye yai. Mume wangu alisema tumwache mnyama wa watu apumzike.

Jioni moja tukiwa tumekaa uani nilimuuliza baba kama na yeye kule Morogoro alikuwa akijua upande wa kwao.

"Mwaka wa kwanza nilijua hata nikiwa chini ya gari," alisema. "Baadaye siku moja mtu aliniuliza, nikabaki nimesimama nafikiri."

Akacheka kidogo, akarudi kumtazama kobe.

Nyuma ya ukuta ule anaishi jirani yetu msusi, mama wa Lubumbashi. Jumamosi moja, sauti ya kipaza cha uwanja wa mbio za farasi ulio karibu ikiwa inasikika mpaka kwetu, alichungulia juu ya ukuta akatukuta tumeinamia pembe, akauliza tumepoteza nini. Nilimweleza habari yote, Durban, dira na ubao. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwa Kiswahili chao:

"Robine yangu inatokaka maji kila siku, mama. Njo maana anapenda pale."

Nilizunguka hadi kwake. Bomba lake la kufulia lilikuwa linavuja chini ya ukuta, haswa upande wa pembe yetu. Nilirudi nikachimba kwa kidole pale kobe alipozoea kusimama. Juu palikuwa vumbi kama kwingine kote, maana mvua zilikuwa bado. Chini udongo ulikuwa mweusi na wa baridi, na nyungunyungu mmoja akajinyonga akakimbia mwanga. Yule mama wa Durban alipopigiwa simu alijilaumu kwamba alisahau kutuambia: kwake hewa ni ya unyevu mwaka mzima, na huku kwetu ni kavu kama karatasi. Kobe alikuwa na kiu ya ngozi.

Nilimtazama baba, nikidhani labda amevunjika moyo. Lakini aliomba ndoo.

Tangu siku ile tulinyunyizia boma lake asubuhi na jioni, tukarundika majani makavu na kuyalowesha. Kabla wiki haijaisha alikula stroberi mbele yetu, akijipaka maji yake mekundu mpaka shingoni. Baba alimwambia jirani asiharakishe kutengeneza bomba lile, na jirani akamjibu kwamba mwenye nyumba wake hakuwa na haraka hata kidogo.

Mvua ya kwanza iliponyesha nilitoka kuanua nguo. Kobe alikuwa katikati ya boma, shingo ameinyoosha kuliko nilivyowahi kuiona, anatembea kila upande bila kuchagua. Baba alikuwa amesimama karibu naye chini ya mwavuli, suruali imelowa. Nilimwambia chai iko tayari. Akainua mkono kunizuia, akaniuliza kama nadhani kobe anaisikia mvua kwenye gamba, au anaiona tu. Niliacha nguo kwenye kamba nikaenda kusimama naye.