Fundi Rangi Aliyedhaniwa Kalewa

Saa nne asubuhi, ghorofa ya tatu, fundi rangi aliona ukuta unamkimbia. Alikuwa juu ya jukwaa la mbao, brashi mkononi, na ghafla miguu ikawa kama si yake. Akang'ang'ania bomba la chuma. Ndoo ikaporomoka, ikapasuka chini.

"Wewe mama! Unataka kutuua?" msimamizi alifoka.

Alitaka kujibu, lakini ulimi ulikuwa mzito na maneno yakatoka yamevurugika. Hilo ndilo lililomponza.

"Asubuhi yote hii umeshalewa?"

Akatikisa kichwa. Pombe hakuwahi kuionja, na sababu ilikuwa baba yake, seremala aliyekuwa akipepesuka barabarani mchana kweupe. Watu walimwita Mlevi mpaka wakamzika.

Msimamizi alipanda, akasimama ngazi moja chini yake, akamshika vifundo vya miguu.

"Mguu wa kushoto. Polepole. Haya, mwingine."

Walitumia karibu nusu saa kufika chini. Msimamizi alikuwa amelowa jasho.

"Nimekuwa karibu nawe muda wote huo, sikusikia harufu ya pombe," alisema. "Samahani, dada. Nenda hospitali."

Jioni alikuwa mzima kabisa. Hata hivyo alikwenda, akapimwa damu, akasubiri majibu wiki sita huku usingizi ukimpaa.

"Ni jeni moja yenye hitilafu," daktari alimweleza. "Ndiyo inayotengeneza vijilango vya kupitishia kalsiamu kwenye seli za ubongo. Vikigoma, mwili unayumba na ulimi unakwama. Wengine jeni hiyohiyo huwaletea kipandauso kikali, mpaka upande mmoja wa mwili unalegea."

"Inarithiwa?"

"Ndiyo. Mara nyingi kutoka kwa mzazi mmoja."

Alitoka na vidonge, akaenda moja kwa moja kwa mama yake, akamkuta akianua nguo. Akamweleza yote.

Mama aliketi kizingitini, shuka mapajani.

"Baba yako aliniapia kwamba hanywi, mwanangu. Na mimi kila siku nilipekua sanduku lake la randa nikitafuta chupa." Akaikunja ile shuka. "Sikuipata hata moja, na bado sikumwamini."

Siku hizi fundi anapaka kuta za chini tu. Vidonge vimepunguza mashambulizi ya ugonjwa, havijayamaliza. Yakija, anakaa palepale hadi yapite. Binti yake mkubwa mara mbili amepewa tarehe ya kupimwa kama naye ameirithi jeni hiyo. Zote mbili hakutokea.