Firigisi ya Baba na Karatasi ya Maswali

Sisi tuliokulia Tongaren kabla ya stima tunakumbuka harufu ya mahindi mabichi yakichomwa, mchezo wa kati, ule wa kukwepa mpira, uliotuacha na vumbi hadi magotini, na kuku wa Jumapili baada ya ibada. Kuku huyo alikuwa na sheria moja: firigisi ni ya baba. Mwanamke mzima hakuionja, sembuse msichana.

Mimi ndiye niliyebeba sahani kutoka jikoni hadi nyumba kubwa. Ni hatua kama arobaini, peke yangu, mvuke wa mchuzi ukinipanda puani. Mwaka huo baba alikuwa ameahidi kunipeleka kwa shangazi Kitale nikasome huko. Mama alinionya, "Baba yako anakutazama. Anataka kujua kama unaweza kujizuia kabla hajakuachilia."

Jumapili moja, nyuma ya ghala, niliiuma ile firigisi. Kisha nikaigeuza, upande ulioumwa ukalala chini kwenye mchuzi.

Baba aliigeuza tena kwa kidole. "Mama," akaniita, kwa kuwa nilipewa jina la mamake, "kuku huyu alizaliwa na nusu ya firigisi?"

"Hapana, baba. Ni mimi. Nilishindwa."

Alikula nusu iliyobaki, akanawa, akamshukuru Mungu kama kawaida. Ndipo akasema, "Shule itangoja mwaka mmoja. Kitale kuna hoteli nyingi za kuku."

Nililia sana. Lakini kazi ya kubeba sahani hakuninyang'anya. Niliibeba kila Jumapili mwaka mzima, naye akaipokea, firigisi ikiwa nzima. Januari iliyofuata alinipeleka Kitale mwenyewe, sanduku langu likiwa begani mwake.

Miaka ya elfu mbili, nikiwa tayari nyanya, vijana wa chuo walikuja kanisani kwetu Kitale na karatasi za maswali. Walikuwa wakipima jinsi watoto wa darasa la nane wanavyoweza kujitawala. Je, unaweza kungoja kitu unachokitaka? Unazungushia namba, moja hadi tano. Mjukuu wangu Nekesa alimaliza kabla sijapata miwani yangu nimsomee.

"Kukhu, nimejipa tano zote. Naweza kwenda? Kuna soda huko nje."

"Wenzako hawajamaliza. Si ungoje?"

"Ati ningoje? Kukhu, si itaisha!"

Nilicheka. Sina neno baya juu ya vijana wale. Walikuwa na adabu, na maswali yao yalikuwa mazuri. Dereva alipopiga honi walikusanya karatasi, wakatuaga, wakaenda.

Nekesa hakumwona tena aliyempima. Mimi nilipimwa na mtu aliyengoja pamoja nami, Jumapili baada ya Jumapili. Namshukuru Mungu kwa miaka yote niliyosoma, lakini zaidi namshukuru kwa ule mmoja niliocheleweshwa.