Siku Niliyompigia Magoti Baba Mkwe na Kumwita Mwanangu

Aibu hii wengine wenu mmeisikia vipande vipande kutoka kwa watu ambao hata hawakuwepo, basi acheni niisimulie mimi niliyepiga magoti, maana mpaka leo nikiikumbuka uso unanichoma na papo hapo najikuta nacheka.

Nilikuwa nimerudi kutoka Mbarara, kule Kakiika, nilikofundishwa namna ya kuwasaidia wazazi kulea bila fimbo. Mambo yenyewe ni mepesi na bado nayapenda: unashuka hadi kimo cha mtoto, unamshika bega, unamtazama machoni, unamweleza kwa sauti ya chini alichokosea na unachotaka afanye. Shida ni kwamba darasani kwangu, pale kwetu Misiera, kando ya ziwa, walikuja wamama peke yao. Wababa walisema hayo ni mambo ya jikoni. Aliyeninyima raha hasa ni jirani yetu Baba Riziki, ambaye mwanawe alikuwa akilala kwa tumbo kwa sababu ya mgongo uliojaa alama za fimbo.

Aliyeniokoa ni baba mkwe wangu. (Jina lake siliandiki. Kwetu mke wa mtoto halitamki jina la baba mkwe, hamgusi, hamtazami usoni, na mzee naye huinamisha macho mkipishana njiani. Ndiyo heshima yenyewe, si ugomvi.) Alizungumza na wababa wenzake kanisani, na wiki ile wakaja, wakakaa nyuma kabisa kama watu waliomsindikiza mgonjwa. Nilijua akiondoka yeye wataondoka wote, na Baba Riziki atakuwa wa kwanza, na hatarudi.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani, na turubai jeupe juu yetu lilifanya mwanga uwe kama maziwa, hata sauti za watu zilinifikia polepole, kana kwamba zinatoka ndani ya maji. Labda ndiyo maana sikufikiri. Mwalimu wangu wa kule Kakiika, Mnyankole mmoja mpole asiyejua desturi zetu, tuliyemwita Madamu, alikuwa amekuja kuniangalia nikifundisha, nami nikataka kumfurahisha, nikaamua wababa wawe watoto na wamama wawe wazazi, mistari miwili inayotazamana, kila mmoja na aliye mbele yake. Mama mmoja akatoka kwenda kunyonyesha, pengo likabaki, nikaingia mimi mwenyewe kulijaza (uamuzi mdogo tu, wa kufumba na kufumbua), na nilipotazama chini nikaona buti za kijani ninazoziosha kwa mikono yangu kila Jumamosi.

Ningesema tu, "Tubadilishane," yangeishia hapo. Lakini Madamu alikuwa ananitazama na kutabasamu, na magoti yangu yakashuka yenyewe.

"Mwanangu," nikasema (mwanangu, kwa baba wa mume wangu), "umeacha mbuzi wakaingia shambani."

Nyuma yangu Mama Riziki akanong'ona, "Yesu, anasemesha mukwe wake."

Mzee akatazama buti zake, mimi nami nikazitazama buti zake, tukawa wote wawili tunazungumza na buti. Madamu akadhani mtoto ni mkaidi. Akasogea kwa upole.

"Mzee, hapana angalia chini. Angalia yeye kwa macho. Na wewe, shika yeye kwa bega."

Mkono wangu ukapanda ukabaki hewani, kama unavyotaka kukimbia ndotoni na miguu inakataa. Baba Riziki alikuwa amekwisha kusimama, kofia kichwani. "Twende zetu. Hii formasio yenu ya kulea watoto inapotezea bazee heshima." Wababa wawili wakainuka naye. Mimi nikarudi kinyumenyume kwa magoti nimejifunika kitenge usoni, sioni niendako, nikaipiga teke sufuria ya uji wa watoto, na uji ukatembea taratibu, bila haraka yoyote, mpaka kwenye viatu vya Madamu.

Kisha baba mkwe wangu akachuchumaa, akakunja mikono kifuani.

"Mama," akasema, "uji ni miye nimemwanga. Usinipige."

Tangu niolewe alikuwa hajanisemesha moja kwa moja. Hata chumvi aliiomba kupitia watoto. Masomo yote ya Kakiika yakanitoka kichwani. Nikaziambia zile buti, "Sitakupiga. Uliogopa?"

"Nimeogopa sana."

"Hata miye."

Baba Riziki alikuwa bado amesimama mlangoni. Akauliza, kama mtu anayeuliza njia, "Mzee, baba yako alikuwa anakupiga?"

"Nilikuwa nikisikia tu anakohoa, najificha katikati ya ng'ombe."

Baba Riziki akavua kofia, akakaa.

Msidhani yaliishia hapo. Mume wangu alizipata habari kwa waendesha boda kabla sijafika nyumbani. "Eti umefanya baba kuwa mutoto?" Ikabidi tupeleke kuku mnene wa kuomba radhi, mzee akammaliza peke yake, na chumvi akaiomba kupitia watoto kama zamani. Madamu, baada ya kuelezwa (na kufutwa viatu), alikaa nasi kwenye mkeka akauliza sana, na tangu hapo hatumlazimishi mtoto yeyote kutazama machoni. Akiinama na huku anasikiliza, inatosha. Na mimi nimeapa: sipangi tena watu kabla ya kujua nani ameoa kwa nani. Nawe unayefundisha wazazi popote ulipo, usiogope, utaweza, ila uliza hilo kwanza.

Wiki iliyofuata Baba Riziki alikuja mapema, ameongozana na mwanawe. Alizungukazunguka, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama na yeye anaweza kuwekwa kwenye mstari wa watoto.

"Unaweza," nikamwambia. "Nionyeshe kwanza bakwe zako bamekaa fasi gani."